Basi Jepesi la Ilundo

1

Dk. Sekela Mwandemele alifika Shule ya Wasichana ya Ilundo akiwa amevaa ndala, mkononi ana mwavuli uliovunjika mbavu, na kwapani amebana jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Jiwe halikumshangaza mtu. Lilikuwa limefungwa mkanda, na tangu mikanda ya kupunguza uzito ianze kuuzwa Tukuyu, hata bibi vizee walikuwa wanatoka sokoni na mikungu ya ndizi mabegani huku wakipiga soga kwenye simu. Kilichowashangaza watu ni zile ndala. Mtu aliyesaidia kubuni mikanda walitegemea aje na viatu vya kisigino.

Aliyekuwa akimsubiri ndani ya maabara ni Subilaga Mwaisumo wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa anaomba kimoyomoyo mvua izidi na mgeni aghairi. Subilaga alishaamua kuacha fizikia. Lakini siku hizi msichana hakuruhusiwa kuacha somo la sayansi kabla hajakaa muhula mzima na mlezi, yaani mwanamke ambaye somo lenyewe ndilo linalomweka mjini. Kwa hiyo alikuwa amekuja kukaa muhula huo uishe, akasome zake historia.

Sababu ya kuacha ilikuwa moja. Akiwa kidato cha pili aliwahi kusema darasani, kwa sauti, kwamba umeme hupungua kwenye waya kama maji ya bomba lililotoboka. Darasa zima lilicheka, na jina la Bomba likamganda. Tangu hapo alijibu maswali kwa sauti ndogo kiasi kwamba jirani yake wa dawati alidhani anapumua tu.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hakuna, Dokta."

"Mbona unaongea kama uko msibani? Shika hili."

Subilaga alilipokea jiwe. Lilikuwa jepesi kama kapu la maua.

"Mkanda umepunguza uzito wake, imebaki sehemu moja ya kumi," alisema Dk. Sekela. "Sasa niambie. Nikilipiga teke, litaniumiza?"

Subilaga alilipima tena mkononi. "Halitaumiza," alinong'ona.

"Sema nikusikie."

"Halitaumiza, Dokta."

"Kama mpira?"

"Kama mpira."

"Haya." Dk. Sekela akaliweka jiwe sakafuni, akarudi nyuma hadi ukutani, akapandisha gauni kidogo, akaja mbio kama mpiga penalti, akalitandika teke.

Ukelele wake ulisikika hadi bwenini. Mkuu wa shule, Mwalimu Nsajigwa, alikuja mbio akidhani gesi imelipuka, akamkuta mgeni wake anaruka kwa mguu mmoja kuzunguka meza, ndala moja iko juu ya kabati, na Subilaga analia.

"Nisamehe, Dokta! Nilijua mimi sijui!"

"Nikusamehe nini?" Dk. Sekela alikaa chini, machozi yanamlengalenga. "Nilikuuliza, ukanijibu, nikalitumia jibu lako. Hiyo ndiyo kazi ya jibu. Hebu niambie, tangu uanze shule kuna mtu aliyewahi kutumia jibu lako?"

Subilaga alifikiri. "Hapana. Huwa yanawekewa mkasi tu."

"Basi leo limetumika. Na sasa, kabla kidole hakijavimba, nieleze kwa nini limeniuma."

Mwalimu Nsajigwa alitaka kuita gari la wagonjwa, akanyamazishwa kwa mkono. Subilaga alichuchumaa. Alilisukuma jiwe kushoto, akalisukuma kulia. Kuliinua ilikuwa rahisi kabisa. Kulisogeza kwa ghafla, likagoma. Alipolisogeza likashika mwendo, likagoma kusimama.

"Kumbe ni bishi," alisema.

"Kwa nini?"

"Mkanda umeondoa ule mvuto wa kulivuta chini. Lakini jiwe lenyewe..." Aliligonga kwa kidole. "Jiwe lenyewe lipo lote! Halikupungua hata punje!"

"Lipo lote!" alipiga kelele Dk. Sekela, akasahau kidole, akasimama, akakumbuka kidole, akakaa. "Uzito umekwenda, tungamo limebaki. Kuna watu wana digrii wanauza mikanda hii na hawajui hilo. Umesema wewe, tena bila kunong'ona."

Ni kweli, hakuwa amenong'ona. Mwalimu Nsajigwa, aliyekuwa bado mlangoni, alisema baadaye kwamba ndiyo mara ya kwanza alimsikia mtoto huyo akiongea. Siku zote alidhani ana kigugumizi.

2

Dk. Sekela alikuwa na sharti moja tu. Kila wiki Subilaga amletee kosa moja, kosa zima, lililopigiwa hesabu mwanzo hadi mwisho, na alisome kwa sauti mbele ya wenzake. Wiki moja alithibitisha kwamba tanki la maji la shule, ili litoshe wasichana wote, inabidi liwe na ukubwa wa Ziwa Nyasa. Wiki nyingine alithibitisha kwamba Mwalimu Nsajigwa akikimbia kuwahi kengele anatoa joto la kupikia ugali wa bweni moja. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao, kisha wakalitafuta kosa pamoja kama watu wanaotafuta shilingi iliyodondoka. Mpaka muhula unaisha, wasichana wanane walikuwa wanagombania zamu ya kukosea. Historia haikutajwa tena.

Hapo ndipo likaja suala la basi.

Shule ya Ilundo iko juu ya kilima, na basi la shule lilikuwa halikiwezi kilima. Wasichana waliliita Gunia. Kila lilipotoka mjini walishuka chini ya mteremko, wakalisukuma kwenye matope huku wakiimba, wakafika juu wana rangi moja wote. Kampuni ya Wepesi, iliyotengeneza mikanda, ikaamua Gunia liwe gari la kwanza la abiria kufungwa mkanda mzima tumboni, mbele ya wageni na waandishi wa habari. Mkanda wa watu ulikuwa umepigwa marufuku zamani, tangu kwaya moja iliporuka kwa shangwe ikagonga dari yote kwa pamoja. Lakini gari ni jambo jingine. Injini ingekuwa na uzito kidogo tu wa kupandisha. Aliyepiga hesabu za kupanda alikuwa Dk. Sekela mwenyewe, na zilikuwa hesabu safi.

Jaribio lilifanyika kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchota maji. Dereva, Mzee Andongwisye, aliligeuza Gunia chini ya kilima, likapanda bila hata kukohoa. Uwanjani akakanyaga breki. Gunia likateleza kidogo, likaubusu ua wa michongoma.

"Matope," alisema Mzee Andongwisye.

"Matope," walisema wahandisi wa kampuni.

Dk. Sekela, ambaye hakuwa amelala vizuri wiki nzima kwa simu za mkurugenzi, aliangalia matairi, akasema naye, "Matope."

Asubuhi ya sherehe Subilaga alikuwa jikoni, ametumwa kuhesabu sahani za wageni. Mama Tupokigwe, mpishi, alikuwa amelifunga mkanda sufuria kubwa la pilau ili asiite watu wa kumsaidia kulitoa. Alilisukuma kwa goti kwenye sakafu iliyolowa, akitegemea lisimame mlangoni. Halikusimama. Lilipita mlangoni kama bwana harusi, likashuka kwenye njia ya mkokoteni, likatawanya kuku, na likaja kutulia kwenye nguzo ya tanki.

"Limeingiwa na nini hili!" alifoka Mama Tupokigwe akilikimbilia. "Jana likiwa tupu lilisimama vizuri!"

"Jana lilikuwa na mkanda?"

"Jana la nini mkanda?"

Subilaga alibaki na sahani mkononi. Sakafu hushika kile kinachoikandamiza. Sufuria zito hukandamiza, sakafu hulishika, nalo husimama. Ukiliondolea uzito, sakafu haina cha kushika. Na pilau lipo lote, halikupungua hata punje, linataka kuendelea na safari.

Aliweka sahani chini taratibu. Kwenye mfuko wa sketi alikuwa na risala ambayo angeisoma mbele ya mgeni rasmi, risala ya kumshukuru Dk. Sekela kwa kumjengea ujasiri. Aliigeuza, akaanza kupiga hesabu mgongoni mwake. Basi linaloingia uwanjani kwa mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, kama kampuni ilivyotangaza. Nyasi zimelowa. Bila mkanda, litasimama ndani ya mita kumi na nane. Likiwa na mkanda, mia na themanini.

Uwanja wa Ilundo, tangu getini hadi kwenye turubai la wageni, una mita mia moja.

Alilitafuta kosa. Alikuwa fundi wa makosa, alijua yanakopenda kujificha, nukta ikihama, sifuri ikizidi. Akapiga upya. Akapiga tena kwa njia nyingine. Safari hii kosa halikuwepo, na hilo ndilo lililomtoa jasho.

3

Alimkuta Dk. Sekela kando ya turubai, amevaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza, amezungukwa na wahandisi. Katikati yao alisimama Bwana Chengula, mkurugenzi wa kampuni, mkononi ana rimoti yenye utepe mwekundu. Kitufe chake kingerudisha uzito wa basi mwisho wa maonyesho, watu wapige makofi.

"Na asije kama konokono," Bwana Chengula alikuwa akisema. "Nimemwambia dereva akanyage mafuta. Watu waone!"

"Dokta," alisema Subilaga. Sauti ilitoka ndogo, ile ya zamani. Alikohoa. "Dokta, basi halitasimama."

"Nini, mwanangu?"

"Msuguano. Mkanda umeondoa uzito, kwa hiyo matairi hayashiki. Uwanja ni mfupi. Tulipiga hesabu ya kupanda tu, ya kusimama hatukupiga."

Bwana Chengula alitabasamu kama mtu anayeonyeshwa jino lililong'oka la mtoto. Dk. Sekela aliwaangalia wahandisi, akaiangalia saa, akaliangalia turubai lililojaa.

"Subi," alisema, "wamekagua wahandisi watatu. Leo siyo siku ya kosa la wiki, mama. Nenda kasome risala."

Hakuwahi kumwambia hivyo. Subilaga alirudi nyuma, masikio yanawaka. Nyuma ya turubai alisimama peke yake na karatasi yake, mbele shukrani, nyuma mita mia na themanini. Alijua wazi kwamba basi likiharibu sherehe, kampuni itaufunga mradi, na mpango wa walezi utafungwa pamoja nao, kwa sababu kampuni ndiyo iliyokuwa inawaleta. Wale wasichana wanane wangebaki na nani? Na huyu mwanamke alimpigia jiwe teke. Utamwaibishaje mtu kama huyo mbele ya mkurugenzi anayemtafutia sababu? Tena akiwa amekosea yeye Subilaga, jina la Bomba litaonekana cheo. Angepata jina jipya la kuzikwa nalo.

"Na sasa," ilisema spika, "mwanafunzi wetu atasoma risala!"

Alijikuta amesimama mbele ya maiki. Chini ya kilima, honi ya Gunia ililia mara mbili. Mzee Andongwisye alikuwa ameanza kupanda.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," alisoma. "Kabla ya kukutana na Dokta Sekela, mimi nilikuwa mtu wa kunong'ona..."

Akanyamaza. Watu wakadhani ameguswa na hisia, wakampigia makofi ya kumtia moyo.

"Dokta Sekela amekosea," alisema Subilaga.

Mwalimu Nsajigwa, kwa mazoea, aliendelea kupiga makofi peke yake, kisha mikono ikamganda hewani.

"Basi halitasimama. Litapita hapa mlipokaa. Naomba wageni waondoke upande huu."

Hakuna aliyeondoka. Watu walikuwa wamekaa kwenye viti vya kitambaa, soda zimeshafunguliwa, pilau linanukia. Mgeni rasmi aliinama kumuuliza jirani yake kama hiyo ni sehemu ya igizo. Bwana Chengula alisimama. "Huyu mtoto atolewe!"

Mwalimu Nsajigwa alikuwa ameshaushika mkono wa Subilaga pale Dk. Sekela alipofika, amevua viatu, ameviacha kwenye nyasi.

"Mwache," alimwambia Mwalimu. Kisha akamgeukia Subilaga, uso mkavu. "Onyesha."

Subilaga aligeuza karatasi. Dk. Sekela alisoma midomo ikimchezacheza, mstari kwa mstari, kama walivyozoea. Kwenye mstari wa tatu aliacha kuchezesha midomo. Kwenye mstari wa nne rangi yake ilibadilika.

"Ee Mungu wangu," alisema, maiki ikiwa bado inasikia. "Haikuwa matope."

Wakati huo huo Gunia likaingia getini.

Lilikuja zuri, hilo lazima lisemwe. Basi lililozoea kupanda likilia lilikuja kimya, limefungwa maputo, Mzee Andongwisye amekaa wima kama rubani. Alikanyaga breki. Magurudumu yakasimama hapo hapo. Gunia halikusimama. Liliendelea kuja juu ya nyasi, taratibu, kwa heshima zote, na Mzee Andongwisye akaonekana kupitia kioo akikanyaga kwa miguu yote miwili.

Sasa ndipo viti vya kitambaa vilipopata kuhamwa. Mgeni rasmi aliruka meza ya keki bila kuigusa, jambo ambalo walinzi wake walilizungumzia kwa miaka.

"Rudisha uzito!" Dk. Sekela alimpigia kelele Bwana Chengula. "Bonyeza!"

"Springi zitakatika!" Bwana Chengula aliikumbatia rimoti. "Waandishi wanapiga picha!"

"Subi! Uzito ukirudi, litasimama mita ngapi?"

"Kumi na nane!"

"Una hakika?"

"Sina!" alijibu Subilaga kwa sauti iliyofika bondeni. "Bonyeza, mzee, bonyeza!"

Ni vigumu kusema nani alibonyeza. Bwana Chengula alisema ni yeye, na picha zinaonyesha mkono wake, lakini zinaonyesha pia kidole gumba cha Dk. Sekela juu ya kidole chake. Uzito ulirudi wote kwa mpigo. Gunia lilikaa chini kwa kishindo kama mtu aliyevutiwa kiti, springi zikalia kama chuma kinachokatwa, maputo yakapasuka, matairi yakachimba nyasi na kurusha udongo mpaka kwenye maiki. Likasimama. Kati ya pua yake na turubai ilibaki nafasi ya kupitisha mkokoteni.

Mlango wa basi ulifunguka, ukaanguka. Mzee Andongwisye alishuka, akaliangalia gari lake, akavua kofia.

Subilaga alikuwa ameshapiga magoti anapima alama za matairi kwa mapana ya mikono.

"Nimekosea," alisema. "Limesimama kabla ya kumi na nane. Nilisahau kwamba lilikuwa limeshapungua mwendo kidogo."

4

Bwana Chengula alisema mengi siku ile, karibu yote yakiwa na neno fidia ndani yake. Dk. Sekela alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaenda kwenye maiki iliyopakaa udongo akawaambia watu kwamba hesabu ilikuwa yake, kosa ni lake, na mwanafunzi alimwambia mapema hakumsikiliza. Waandishi wakaandika. Bwana Chengula akatangaza kwamba mradi umesimamishwa, akaondoka. Pilau lililiwa kimya kimya.

Subilaga alimkuta maabara, amekaa peku juu ya meza. Hakugeuka.

"Ungeniambia faragha," alisema Dk. Sekela.

"Nilikuambia, Dokta."

"Uliniambia." Alivuta pumzi. "Nikakutuma ukasome risala. Nimekasirika, ujue. Najua sina haki, lakini nimekasirika. Itanichukua kama siku mbili hivi."

"Sawa, Dokta."

"Na walezi, sijui. Nitakuja mwenyewe kwa nauli yangu kama itabidi, lakini sijui."

Subilaga alikaa naye mezani, miguu yao ikining'inia. Ghafla Dk. Sekela akashika kichwa.

"Makete!"

"Makete nini?"

"Malori ya viazi! Kampuni imeyafunga mikanda mizima wiki iliyopita, kwa mchoro wangu. Leo alasiri yanaanza kushuka mlima." Alikuwa ameshatoa simu mbili mkobani. "Mimi nampigia mhandisi mkuu, huyo hapokei mpaka umsumbue. Wewe piga kituo cha malori. Namba hiyo hapo."

Simu iliita sana kabla mwanamume hajapokea, nyuma yake injini zikinguruma.

"Kituo cha Makete, sema."

"Shikamoo. Mikanda iondolewe kwenye malori kabla hayajashuka. Breki hazitashika. Nina hesabu, nikusomee?"

"Nani mwenzangu?"

"Subilaga Mwaisumo, wa Ilundo."

"Ilundo kampuni?"

"Ilundo sekondari. Kidato cha tatu."

Mwanamume alicheka. Alimwambia mtu wa pembeni yake kwamba ni mtoto wa shule, kisha akarudi kwenye simu, kwa upole wa kutosha. "Sikiliza, binti yangu, hapa tuko kazini, lori la kwanza liko getini. Hebu niitie mtu mkubwa niongee naye."

Subilaga aliangalia upande wa pili wa meza. Dk. Sekela alikuwa anabishana na mhandisi mkuu, mgongo umegeuka, mkono mmoja unakata hewa.

"Funga geti kwanza, baba," alisema Subilaga. "Mtu mkubwa nitakuitia, lakini wewe funga geti kwanza."

Injini ziliendelea kunguruma. Kisha mwanamume akasikika, mdomo ukiwa mbali na simu, akipaza sauti kwa walinzi:

"Hebu fungeni hilo geti!"